Helmeti ya Baba Ndege

3 Februari

Chiriku wangu,

Barua hii ikukute unacheka, maana mimi ninayeiandika meno yangu yako nje tangu juzi. Mama yako hajambo? Cherehani yake imeacha kutafuna nyuzi? Mimi niko salama. Mgongo unalalamika, lakini huo ni mlalamishi tangu ujana, usiutilie maanani.

Matokeo yako nilisomewa kwenye simu, nikapiga kelele hadi mama yako akakata, akidhani nimeangukiwa na nondo. Ndiyo sababu naandika. Kwenye simu mimi huongea kama natangaza mpira. Kalamu angalau inanituliza.

Sasa nikueleze jambo la huku kwenye daraja tunalojenga. Kwetu hakuna anayeitwa jina lake. Mtu akiajiriwa, wenzake wanamchunguza kwanza, kisha wanampa jina, na mimi namwandikia kwenye helmeti kwa rangi nyekundu, kwa sababu mwandiko wangu ndio unaosomeka. Hujichagulii, na likishaandikwa halifutwi. Yuko fundi zege mmoja anaitwa Kesho, kwa sababu ukimwomba lolote ndilo jibu lake. Msimamizi wetu ameandikwa Mama Mkwe, maana akipita kila mtu anashusha sauti. Alinuna siku nzima, lakini anaivaa.

Mimi ndiye niliyekuwa bado. Nawaandikia wengine majina, kichwa changu kitupu. Matokeo yako yalipofika niliwaambia binti yangu anakuja kusoma uhandisi wa ndege hapa hapa mjini, chuo kikuu kile chenye geti kubwa. Wakanizunguka, wakanishikisha brashi, nikajiandikia mwenyewe huku nimetoa ulimi kama mtoto wa chekechea: BABA NDEGE.

Halafu nimehama. Nimepata vyumba viwili, na chako kina dirisha upande wa uwanja wa ndege. Zikishuka unaona hadi magurudumu. Kitanda nimeshanunua. Tangu uko darasa la pili nakuona wakati wa likizo tu, Chiriku, na mimi nimechoka kula peke yangu. Haya, jaza maombi, usiniletee masihara.

Baba yako,
ambaye sasa ana jina


19 Februari

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Cherehani nimeifungua mwenyewe, nikakuta kipande cha kifungo kimejificha chini ya sindano, labda tangu sare za mwaka juzi. Mama anasema nimebaki na skrubu moja mkononi baada ya kuifunga, na kwamba mhandisi wa ndege akibaki na skrubu moja abiria wanapaswa kushuka. Lakini inashona.

Hilo la Mama Mkwe limetuua kwa kicheko. Mama amesema angekuwa huko angekuandika Baba Kelele na ubishi ungekwisha.

Tunakuja mwezi ujao kukiona chuo, siku wanayopokea wageni. Wakati wa kurudi tutapitiliza kwetu kwanza hadi chuo kimoja kidogo kule mbele, ambacho mwalimu wangu wa fizikia alikitaja. Tutachungulia tu. Maombi yanafungwa mwisho wa Aprili, kwa hiyo muda upo.

Usinunue kitu kingine cha chumba, Baba. Tafadhali.

Mwanao,
Chiriku


20 Machi

Shikamoo Baba,

Tulifika nyumbani salama, na Mama anakushukuru kwa maembe uliyotufungia, ingawa yalivujia viatu vyake. Natumaini mgongo umepumzika baada ya kutubebea mizigo kwa kujionyesha.

Baba, kaa chini. Kama uko kwenye kiunzi, shuka kwanza.

Siku zote nilizokaa kwako nilitaka kukuambia kitu, na mdomo ukawa mzito. Ulinipeleka darajani. Watu wazima na vumbi lao walijipanga kunisalimia, wakaniita Rubani. Kesho alinipa kiti leo leo. Mama Mkwe akanipa mkono. Na wewe ulisimama pembeni na hiyo helmeti, umevimba kama andazi. Nani angefungua mdomo hapo?

Sitaki kusoma uhandisi wa ndege.

Chuo ni kizuri, sikatai. Geti ni kubwa kweli. Lakini uliona karakana yao: injini moja imezungushiwa kamba, na kijana aliyetutembeza akasema wanaruhusiwa kuigusa mwaka wa nne. Nilitazama ile kamba nikahisi usingizi. Nikajiambia labda ni uchovu wa basi.

Kisha tukapita kile chuo kidogo. Geti halipo, kuna mnyororo na mbuzi wa mtu. Tuliingia kwenye maabara yao ya maji tukakuta mfereji wenye kuta za kioo, maji yanapita unayaona kwa ubavu, na wanafunzi wamekunja suruali. Dada mmoja akanipa koki nishike, bila hata kuniuliza mimi ni nani. Akasema, "Funga." Nikaifunga kwa pupa. Bomba likagonga ukuta, puu, kiungo kikaachia, na mimi, Mama na mkoba wa Mama tukalowa chapachapa.

Baba, ule mlio wa bomba naujua. Ndio ule ule unaosikika jikoni kwetu, ambao wewe uliamini ni jirani anapiga misumari, hadi ukaenda kugombana naye umevaa kaptula. Nilimuuliza mhadhiri. Akaniambia maji yakiwa kwenye mwendo yana nguvu, na ukiyasimamisha ghafla hayana pa kuipeleka ila kulipiga bomba. Kisha akaniuliza ningefanyaje nyumbani kwetu lisigonge. Nilijibu hovyo, akacheka, akanichorea, nikajibu tena. Tulikosa basi la mchana. Mama alikaa kwenye benchi anajikamua gauni na hakunihimiza hata mara moja, na wewe unamjua.

Unapenda kusimulia nilivyokuwa napanda juu ya paa nikiwa mdogo kutazama ndege. Ndege zilikuwa zinapita, ndiyo. Mimi nilipanda kuchungulia tangi. Nilitaka kujua maji yanapandaje pale bila mtu kuyabeba. Ulikuwa ukinishusha umefurahi sana, unamwambia kila mtu mtoto anapenda ndege, na mimi nikakuachia.

Najua chuo hicho ni mbali na wewe kuliko hata nyumbani. Kitanda nilikilalia, ni kizuri kuliko changu. Asubuhi nilikusikia unapika uji polepole usiniamshe, na nilikuwa macho. Hicho ndicho kinachonikaba, Baba, wala si ndege. Nikichagua maji, unaendelea kula peke yako.

Fomu ninayo, nafasi ya chaguo la kwanza bado iko wazi. Bila neno lako sitaijaza.

Mwanao,
Chiriku


11 Aprili

Shikamoo Baba,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa mimi.

Mama anasema ulipiga simu nikiwa dukani ukaulizia kuku. Hatuna kuku, Baba. Tangu lini tuna kuku? Mama alipokutajia barua yangu, ukasema daraja lina kelele, ukakata. Yaani leo wewe ndiye unayelalamikia kelele.

Kama umenikasirikia, andika kwamba umekasirika, kwa herufi kubwa ukitaka. Nitasoma na nitameza. Ninachoshindwa ni huu ukimya, sina mazoea nao kutoka kwako. Nimeshika kalamu juu ya hiyo fomu mara nyingi, mara niandike ndege yaishe, mara nirudishe mkono.

Mwanao


17 Aprili

Chiriku wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa ile barua ya kwanza ambayo sikuijibu. Mimi mzima. Hao kuku wasamehe, nilikosa la kusema nikashika lililokuwa karibu.

Nilikasirika, nakueleza ukweli. Nilikasirika siku ya kwanza, na ya pili nikaendelea kwa ajili ya heshima yangu tu. Baada ya hapo ilikuwa aibu. Nilikuwa naingia kazini nimeshika helmeti kwapani, nikimwambia kila anayeuliza kwamba kichwa kinaniuma. Mama Mkwe akaniambia kichwa kiume au kisiume, hapa kinavaa. Nikaivaa kinyume, maandishi nyuma. Wakagundua. Watu hawa hawana kazi.

Ikabidi niwasomee barua yako wakati wa chakula. Nilipofika kwenye jirani na kaptula nikaanza kuruka mistari, Kesho akaninyang'anya karatasi akasoma mwenyewe kwa sauti. Wamecheka hadi mmoja akapaliwa. Sasa hivi nikipita mtu anagonga nondo na kusema ni jirani.

Nikawaomba wanifutie jina. Likawa baraza. Wengine wakasema mtoto hasomi ndege, kwa hiyo jina ni la uongo, lifutwe. Wengine wakasema tukianza kufuta, kesho Mama Mkwe atataka lake lifutwe, na hapo itakuwa mwisho wetu. Mwishowe wakamwita Mama Mkwe mwenyewe aamue. Alifikiri sana, akasema, "Halifutwi. Wewe ulimwandika binti yako kabla hujamuuliza, sasa livae." Basi nimebaki Baba Ndege. Kila mfanyakazi mpya akiuliza binti yangu anarusha ndege wapi, ni lazima nisimame nimweleze habari za maji, bomba na koki. Jana nilieleza hadi zege ikaanza kukauka. Nakwambia kweli, inanoga kuliko ile ya ndege, maana ile sikuwa naijua, nilikuwa natia chumvi tu.

Halafu usiku nikafikiri peke yangu. Nilijiuliza kama unakimbilia chuo kidogo kwa kuogopa kikubwa. Nikasoma tena ulivyolowa. Mtu anayeogopa hakosi basi kwa kubishana na mhadhiri. Hapo nikatulia.

Kuhusu mimi kula peke yangu. Ndiyo, nilitaka uwe hapa. Nilitaka Jumapili nikuone unatoka chumbani na nywele hazijachanwa, unaniuliza uji una sukari. Sitakudanganya kwamba haikuniuma, imeniuma na bado. Lakini nilikwenda mbali na nyumbani ili wewe uchague, na ulipochagua nikaanza kuulizia kuku. Ni mambo ya ajabu.

Kitanda hakiendi popote. Likizo zipo.

Jaza fomu, nafasi ya kwanza, maji. Tumia wino, si penseli. Na upite kwa jirani umwambie aliyegonga ni bomba. Mwambie pia ile kaptula nimeitupa.

Baba yako,
Baba Ndege (halifutwi)


28 Julai

Shikamoo Baba,

NIMEPATA! Tazama, na mimi leo napiga kelele kwa kalamu.

Barua ya chuo ilifika asubuhi. Mama alikuwa anapima mteja, akaachia futi ya kupimia, akanikumbatia na pini zake mdomoni, na mteja akabaki na mkono mmoja wa gauni. Kisha akalia, kisha akamkaripia mteja kwa kusimama vibaya. Sisi wazima kabisa.

Jirani nilimwambia siku ile ile barua yako ilipofika. Akasema miaka yote hii alikuwa anaona haya kupiga hata msumari wa kutundikia kalenda. Amepiga, tumesikia, Mama amempigia makofi kupitia ukutani. Na bomba nimelifunga vibano viwili, nimemfundisha kila mtu kufunga koki taratibu. Haligongi tena. Jikoni kumekuwa kimya hadi tunakukumbuka wewe.

Naanza Oktoba.

Mwanao, mwenye furaha hadi miguuni,
Chiriku


30 Septemba

Chiriku wangu,

Uwe mzima, na sanduku lako liwe limefungika. Sisi wote hapa salama, hata mgongo umenyamaza kwa furaha.

Dereva wa basi atakukabidhi furushi. Ndani mna helmeti. Mama Mkwe mwenyewe ameitoa stoo na kunung'unika kwamba ni ya mwisho, nami niliziona nyingine nyuma yake. Kesho ameisafisha, tena siku hiyo hiyo alipoombwa, na mpaka sasa tunalizungumzia. Nimeweka na kikopo cha rangi nyekundu na brashi yangu ndogo.

Watu walitaka niandike Rubani. Wengine wakasema Chiriku. Nilishika brashi, nikairudisha. Nilishawahi kukuandika kabla sijakuuliza, mara moja inatosha. Nimeiacha tupu. Huko watakuchunguza kwanza, kisha watakupa jina.

Likipatikana, niambie mimi wa kwanza.

Baba yako


24 Novemba

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, na nimenenepa, usimwambie Mama kwamba nakula vizuri kuliko nyumbani. Hesabu ngumu, nalia Jumanne na kucheka Jumatano. Yule dada wa koki yuko mwaka wa tatu na bado ananicheka.

Tumeanza kwenda kwenye eneo la mafunzo, tunachimba na kulaza mabomba wenyewe. Helmeti yangu ndiyo pekee isiyo mpya, na wiki zote hizi ilikuwa tupu. Wenzangu wakaniuliza hicho kikopo cha rangi ni cha nini. Nikawasimulia habari zako zote, tukiwa mtaroni, matope hadi magotini: daraja, brashi, kitanda, baraza, jina lisilofutwa. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Walitazamana, wakatoka kunong'onezana kando, wakarudi na uamuzi.

Sheria zenu nimezifuata, Baba. Sikujichagulia. Walinishikisha brashi, nikaandika mwenyewe, na ulimi ulitoka nje, sasa najua tabia hiyo nimeitoa wapi. Mwandiko si mzuri kama wako, lakini unasomeka hadi ng'ambo ya mtaro. Likizo nakuja. Weka uji, wenye sukari.

Wako,
Binti Ndege