Mkono Ambao Haukunyooka

Alhamisi. Mvua imenyesha asubuhi nzima, halafu jua likatoka kwa hasira, na sasa magharibi imeshapita lakini joto bado limekaa nami humu chumbani. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimefungua begi la upinde, nikalifunga bila kutoa kitu.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Si Mama, si rafiki yangu wa darasani, wala ninyi wachache mnaosoma ukurasa huu wa mtandaoni bila kujua mimi ni nani.

Bibi yangu hakuniponya.

Nieleze, maana asiyekaa mtaani kwetu hawezi kuelewa. Nilizaliwa mashoto. Kijiko, chaki, jiwe la kumfukuza kunguru, vyote nilishika kwa kushoto. Mama ni muuguzi huko Muheza na huja siku za mapumziko tu, kwa hiyo aliyenilea ni Bibi, hapa Ngamiani, Tanga. Na Bibi anajulikana kwa jambo moja: ananyoosha mikono ya watoto. Mtoto akionekana anamega tonge kwa kushoto, mama yake huambiwa mpeleke kwa Bi Mwanahawa. Bibi huchukua soksi safi, akauvisha ule mkono wa kushoto, akaifunga kwa kitambaa, akasoma anachosoma. Mtoto huvaa hivyo kila wakati wa chakula mpaka mkono wa kulia uzoee. Hapigi wala hakaripii. Ana subira ambayo sijaiona kwa mwalimu yeyote.

Mimi ndiye mfano wake mkubwa.

Kwa chakula alifaulu, siwezi kukataa. Nakula kwa kulia, nasalimia kwa kulia, na nitaendelea hivyo, sina ugomvi. Hata kuandika, nikiwa mbele za watu. Lakini nikiwa peke yangu na mlango umerudishwa, kalamu huhamia yenyewe upande wa pili na mwandiko unakuwa wa kupendeza. Miaka yote hii nimeona ni aibu ya mwilini, kama ukurutu, kitu cha kufunika tu.

Halafu ukaja upinde.

Kocha wetu, Kocha Taher, ni kijana wa duka la rangi na misumari mtaa wa nyuma yetu. Alikwenda kusoma India akarudi na pinde mbili na wazimu wa mchezo huu. Akaomba uwanja wa shule, tukashindilia katani kwenye magunia tukapata shabaha. Bibi alikubali siku ile ile, kwa sababu alishasikia kwenye darsa la dini kwamba kulenga mshale ni mchezo wenye thawabu. Aliuliza swali moja tu: mkono gani unaovuta uzi? Kocha akajibu, kwa mtu wa kulia, ni wa kulia. Bibi akanitazama. Ile fahari ya usoni mwake, mtu ungefanya nini? Nikavuta kwa kulia.

Nilijitahidi hadi nikachaguliwa timu ya vijana ya taifa. Nisijisifu sana, hatuko wengi. Msimu wetu wa mwaka huu una safari tatu: Nairobi, Kigali, na ya mwisho Kairo.

Nairobi mshale wangu mmoja ulikwenda kujichoma kwenye shabaha ya msichana wa pembeni. Akaniinamia kidogo, akasema, "Asante, lakini hawatanihesabia." Watu wakacheka, kwa upole, na mimi nilitamani niingie ndani ya podo nikae na mishale iliyobaki. Mtu mwenye haya asicheze mchezo ambao kosa lake linabaki limesimama hadharani, lina manyoya, mpaka aende kuling'oa mwenyewe.

Niliporudi Bibi akasema ni husuda. Akanisomea maji. Akaanza kunipaka mafuta ya nazi kila jioni kwenye vile vidole vitatu vya kulia vinavyoshika uzi.

Kigali ndiko mambo yalikoharibika, au yalikonyooka, sijui. Jioni ya mazoezi, kabla ya mashindano yenyewe, msichana mmoja wa Uganda, msemaji kama redio, alinipa upinde wake nimshikie ili abane nywele zake. Ulikuwa upinde wa mashoto. Nilishangaa jinsi ulivyokaa. Ulikaa kama mtoto mchanga anavyokaa kwa mtu anayejua kubeba. Nikatazama huku na huku, nikaweka mshale, nikavuta kwa kushoto, nikaachia.

Njano. Katikati kabisa.

"Wewe!" akasema yule msichana, kibanio mdomoni. "Kumbe uko kama mimi." Nikageuka, na nyuma yangu alikuwa amesimama Kocha na karatasi yake ya njugu. Alikuwa ameacha kutafuna.

Kesho yake nilivuta kwa kulia, nikatolewa raundi ya kwanza.

Tuliporudi Tanga aliniita dukani kwao. Akaniambia ninyooshe kidole kielekee saa ya ukutani, nifunge jicho moja, kisha jingine. Nikifunga la kulia, kidole kinabaki juu ya saa. Nikifunga la kushoto, kidole kinaruka hadi kwenye makopo ya rangi.

"Jicho linalokuongoza ni la kushoto," akasema. "Na mkono?"

"Wa kulia, Kocha."

"Nimekuuliza mkono wako, Saumu. Sijakuuliza Bibi yako."

Nikatazama sakafu. Hakuuliza tena. Wiki iliyofuata akaja uwanjani na upinde wa mashoto aliouazima kwa mtu wanayefahamiana, akanikabidhi kama anayenipa maji ya kunywa.

Tangu hapo navuta kwa kushoto. Nitasemaje? Ni kama nimekuwa nikizungumza na watu kupitia dirishani, halafu mtu akafungua mlango. Mishale inakwenda na kukaa pamoja. Kocha, ambaye hasifu mtu, siku moja alisema "Haya," akaenda kuning'olea mishale yeye mwenyewe. Ila akaniwekea sharti. Mpaka Kairo ni mkono huu tu. Nikirudi kwenye ule wa kulia hata kwa siku moja, mwili utachanganyikiwa, naye atampeleka Rehema, anayenifuata kwa alama. Hakunitisha. Rehema ni mzuri, anastahili.

Nyumbani nimekuwa mwizi. Malengelenge ya mkono wa kushoto nayaficha ndani ya kanga. Ya kulia yanakauka, ngozi inarudi laini, na kila jioni Bibi anavishika vidole vile vile vya kulia.

"Mbona vidole vimekuwa hivi, mke mwenzangu? Au huko uwanjani siku hizi mnacheza rede?"

"Ni mafuta yako hayo, Bibi."

"Mafuta yangu hayafanyi uvivu."

Tunacheka wote wawili. Cheko langu silipendi.

Sasa leo.

Asubuhi, akinimiminia chai, Bibi ameniambia kwamba wenzake wa maulidi watakuja uwanjani Jumamosi. Wote. Wanataka kunitazama navuta, halafu waniombee dua ya safari. Amewaambia waje mapema wapate kivuli. Nikasema, "Inshallah."

Baada ya alasiri, wakati nimekaa barazani nachambua mchele, akaja Mama Athumani wa nyumba ya kona, kambeba mwanawe. Athumani bado hajatimiza hata miaka mitatu.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa. Nimekuletea bondia wangu."

"Marahaba. Bondia wa nini tena?"

"Mkono wa kushoto huu! Kula kushoto, kunipiga kushoto. Baba yake anasema tumwache, atatuletea mkanda."

"Mkanda gani, na kamasi hajui kujifuta. Mlete hapa." Bibi akampakata, akampapasa vidole kimoja kimoja. Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu. "Unamwona huyu? Alikuwa mashoto kuliko mwanao. Leo anapanda ndege, anakwenda kuvuta upinde mbele za mataifa, kwa mkono niliouzoesha mimi. Njoo Jumamosi ujionee."

"Mashallah. Kumbe ndiye huyu?"

"Ndiye."

Mimi nainamia ungo. Nachambua mchele.

Bibi akatoa soksi, nyeupe, ndogo, sijui ya mtoto gani. Akamvisha. Alipofika kwenye kufunga, macho yakamshinda. "Saumu, hebu nifungie hapa. Kimkono chenyewe kama kijiti cha kiberiti."

Nikafunga.

Athumani hakulia. Aliutazama ule mkono kama wa mtu mwingine uliosahauliwa kwake. Mama yake akampa biskuti, naye akainyooshea mkono wenye soksi, biskuti ikaanguka. Akacheka. Akapewa tena, ikaanguka tena. Mara hii hakucheka. Aliniangalia mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa kuwa ndiye niliyefunga. Halafu taratibu akaipokea kwa kulia, na watu wote barazani wakasema mashallah. Bibi akambusu kichwani.

Na mimi nikasema mashallah.

Hilo ndilo linaloniinua na kunikalisha tangu saa ile. Jumamosi nilikuwa nimeshaanza kuitafutia njia. Nitasema tumbo linaniuma. Nitavuta kwa kulia siku hiyo moja tu na Kairo aende Rehema. Nitamwomba Kocha awaambie wanawake uwanja umejaa maji. Uoga wa kila rangi, kama makopo ya dukani kwake. Lakini sikuwa nimemfikiria mtoto yeyote.

Nikitulia naona picha ya Jumamosi. Mtu akivuta uzi mpaka mwisho, mkono unafika kidevuni na uzi unagusa midomo. Basi Bibi atasimama katikati ya wenzake, wale ambao wengine walimletea watoto na wajukuu zao, na ataona mkono wa kushoto ukipanda mpaka mdomoni kwangu. Si mara moja. Mshale baada ya mshale. Watamtazama yeye, si mimi. Yupo mmoja wao, Bi Tatu, asiyeweza kuweka jambo hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Kwa hiyo nimfiche tena, kwa ajili yake? Nimekuwa nikijiambia hivyo, kwamba naficha kwa ajili yake.

Uongo. Naficha kwa sababu nikiwa mfano wake napendwa, na sijawahi kujua kama nikiacha kuwa mfano nitabaki na nini.

Nimeandika hiyo sentensi nikaifuta, nikairudisha.

Nina hasira naye. Nimeiona leo kwa mara ya kwanza, wakati naosha ule mchele. Halafu nakumbuka kwamba alifanya yote ili nisije nikapokea sahani ya watu kwa kushoto wakaguna, ili siku ya kuolewa nisije nikachekwa kwenye nyumba ya wenyewe. Wakati ule alikuwa ananilisha yeye, tonge kwa tonge, mpaka mkono wa kulia ukajua njia. Yeye mwenyewe chakula chake kilipoa kila siku. Mtu wa namna hiyo unamkasirikiaje? Namkasirikia, na nikimsikia anakohoa nainuka kumpelekea maji.

Lazima asikie kutoka kwangu, na iwe kabla ya Jumamosi. Asijue uwanjani. Asijue kwa macho ya Bi Tatu.

Nimejaribu kusema leo mara mbili. Mara ya kwanza jikoni. Nikasema, "Bibi," akasema, "Abee," nikasema chumvi imekaribia kwisha. Mara ya pili nilikwenda nikasimama mlangoni kwake anaswali, nikafurahi kwamba anaswali. Shuleni hivyo hivyo, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, mwalimu akinisimamisha, jibu ninalo lakini mdomo unajifunga. Kwenye kibodi tu ndiko maneno yanakotoka. Kibodi haijawahi kuniuliza natumia mkono gani.

Nasikia ndara za Bibi ukumbini.

Kwa kawaida saa hii ukurasa ungeshatoweka, mahali pake pamekaa Biolojia, naye angechungulia na kusema mtoto huyu atapasuka kichwa kwa kusoma. Bibi anajua kusoma vizuri tu. Anasoma polepole, miwani puani, midomo inatikisika, wala haruki neno.

Siufichi. Nageuza kompyuta iuelekee mlango. Masikio yananiwaka.

Bibi, ukimaliza kusoma, nikasirikie utakavyo. Ila kwanza vaa buibui lako twende nyumba ya kona, kabla hawajatenga chakula cha Athumani.