Kwasari Iliyoshukuriwa Mapema

Alhamisi. Baridi ya Juni haina huruma, mlima Kwaraa umejifunika ukungu tangu asubuhi, na mimi nimejikunyata hapa kijijini Nakwa na kitenge mabegani, nacheka peke yangu.

Ni ya kweli!

Ngoja nieleze. Tasnifu yangu inahusu kwasari, yaani shimo jeusi kubwa mno katikati ya galaksi ya mbali. Gesi inayolizunguka, kabla haijamezwa, hung'aa kushinda nyota zote za galaksi hiyo. Mwanga wa hii yangu ulianza safari kabla Dunia haijakuwepo. Kwenye picha ya darubini ya eksirei iliyoko angani, iliacha doa dogo tu. Nilipoliona nilimkimbilia Mama jikoni, nikamwambia nimeipata.

Basi Jumamosi iliyofuata Mama akasimama kwenye sala ya jumuiya, akatoa jogoo wa shukrani: Vero amegundua nyota mpya. Nyota mpya, jamani! Si nyota, na ni ya zamani kuliko jua. Tangu hapo siendi dukani bila kuulizwa nyota inaendeleaje.

Kisha msimamizi wangu akauliza: una hakika doa hilo si hitilafu ya kifaa? Nikaomba picha ya pili. Kama ni hitilafu, sura nzima ya tasnifu imekwenda na maji, na Mama atalazimika kuwaambia watu alishukuru bure. Hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi.

Leo picha ya pili imefika. Safari hii darubini ilikuwa imegeuzwa kidogo. Kama doa ni la kifaa, lingegeuka pamoja na kifaa. Kama ni la angani, lingebaki mahali pake kati ya nyota. Nimeifungua jicho moja nimefumba.

Limebaki mahali pake. Nimelia kama mtoto.

Mama alikuwa uani akipukuchua mahindi. Nikamweleza yote, hata hofu niliyomficha. Mikono yake haikusimama.

"Ulifikiri sioni ulivyoacha kula? Jumamosi iliyopita niliwaambia wanajumuiya nimeshangilia mapema, kazi imemgomea mtoto, tumwombee."

Kumbe alishasimama kuwaambia. Peke yake, na hakunidokezea hata neno.

Nimekaa chini nikapukuchua naye. Keshokutwa nakwenda jumuiya. Safari hii nisimame mimi, Mama akae.