Mtoto Anayesubiri Kuhesabiwa

Jumatatu, 8 Juni

Kuku wamekula, uwanja umefagiwa. Hapa Kisesa jambo haliendi bila mimi, na sasa hata serikali imeligundua hilo. Gereza la wanawake limeniita. Mimi, si mwingine. Neema, mtoto wa mpwa wangu Kabula, alizaliwa humo humo, sasa amekua na haruhusiwi tena kukaa na mama yake. Kesho namchukua.

Dada wa ustawi wa jamii aliuliza kwenye simu kama nitamweza. Nikamwambia nimelea watoto tisa kwa mikono hii. Mke wangu, Mama Shija, yuko Magu, anavuna mpunga kwao. Si neno. Mtu aliyewahi kumshika mamba mkia, mashahidi wapo ingawa wengi wamekufa, atashindwa na kitoto?

Jumanne, 9 Juni

Nimeliona gereza. Zamani lilikuwa ghala la pamba. Marehemu baba alibeba marobota humo, manne kwa safari, kichwani. Baadaye wakatoboa vidirisha juu, wakatia nondo, wakaingiza wanawake. Bati ni lile lile. Mchana linachoma, usiku baridi ya ziwa inapita chini ya mlango.

Kabula amekonda. Alimmwagia mafuta ya moto ya kukaangia samaki mwanaume aliyemshikashika pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki. Mimi simlaumu. Anasema wanalala mkeka kwa mkeka, akigeuka mmoja wanageuka wote. Bomba moja. Uji asubuhi, ugali na maharage mchana. Mchicha wamepanda wenyewe kando ya ukuta. Saa kumi jioni wanachuchumaa uani kuhesabiwa, na watoto nao, ndipo wanafungiwa hadi asubuhi.

Hakulia. Alisema tu, "Mjomba, akipelekwa kituoni kwa watoto wasio na ndugu, nitakuja kumpata wapi? Kaa naye."

Mtoto kuniona tu akapiga yowe. Askari, mama mmoja mpole, akasema, "Baba, usikasirike. Huyu hajazoea wanaume."

Jumatano, 10 Juni

Hajala. Yuko chini ya meza. Ng'ombe wa jirani kamwogopa, ila mimi kaniogopa zaidi. Inaniuma, sitaficha.

Saa kumi akatoka mwenyewe, akachuchumaa katikati ya uwanja, mikono magotini. Nikadhani ana haja. Nikamsogezea kopo. Hakulitazama. Giza likaanza kuingia, yuko pale pale. Nikambeba, akaning'ata kidole. Kalala na njaa.

Ustawi wamepiga simu. Ijumaa wanakuja kumtazama. Nimewaambia hali chakula. Kama bado hali, wanaondoka naye.

Alhamisi, 11 Juni

Nyanzala, jirani, alipita akienda sokoni. Neema akamkimbilia, akajificha kwenye kitenge chake, akala kiazi kizima. Nilisimama mlangoni kama mgeni kwangu mwenyewe.

"Shemeji," akaniambia, "mamba ulimuweza, huyu kakushinda. Mtoto anajua vitenge. Suruali anaijulia wapi?" Akacheka mpaka barabarani. Nilikasirika. Kisha nikakaa nikafikiri.

Saa kumi mtoto akachuchumaa tena. Safari hii maneno ya Kabula yakanirudia. Nikasimama mbele yake kama askari, nikamnyooshea kidole. Mmoja. Akainuka, akajipangusa, akaingia ndani, akalala.

Sikumfungia mlango. Nilikaa kizingitini hadi usingizi ukaniteka.

Ijumaa, 12 Juni

Dada wa ustawi alifika asubuhi, kijana, "shikamoo baba" nyingi. Akamkuta Neema anamaliza bakuli la uji. Uji una mabonge, lakini anamaliza. Akaniuliza nimefanyaje, juzi kwenye simu nilisema hali. Nikamwambia ni uzoefu, dada yangu, watoto tisa. Akaona kitenge chenye unyevu kwenye kiti, akauliza kama mke wangu karudi. Nikasema nimekianua sasa hivi.

Ameamua mtoto abaki. Ataliarifu gereza, Kabula ajue leo leo.

Alipoondoka nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikafuta macho. Vumbi la pumba.

Jumamosi, 13 Juni

Kumetulia. Mama Shija anarudi wiki ijayo. Kanga na vitenge vyake nitakuwa nimevifua na kuvikunja kama alivyoviacha.

Saa kumi tulichuchumaa wote wawili uwanjani. Magoti yangu yalilia. Mmoja, wawili. Tukaingia.

Watoto niliolea ni sita, na aliyewalea ni Mama Shija. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba tangu jana alfajiri nashinda humu ndani nimejifunga kitenge na kilemba kichwani, na hata sasa naandika nimevaa. Hodi ikipigwa navua mbio. Neema ananiita shangazi.

Naitika.