Rete, Siyo Lete

Mami,

Nimekasirika, na ni wewe tu ungenisikiliza hadi mwisho bila kuniambia nimwachie Mungu. Leo asubuhi wameichoma sauti yako. Ngoja nikueleze pole pole.

Unaikumbuka siku ya ile kanda. Nilikuwa jikoni kwetu hapa Theta, gita mapajani, redio kaseti juu ya gunia la mahindi, najirekodi ule wimbo nilioutunga wa kumuaga msichana anayeolewa. Nilikuwa nimefika ubeti wa pili, najiona mwimbaji kweli kweli, wewe ukapaza sauti kutoka shambani: "Nyambura! Rete nguo! Mvua!" Sikutoka. Nilijifanya sijasikia nikaendelea kuimba, na nguo zote zikalowa, hata ile sare yako ya kwaya. Ulininunia siku mbili.

Kanda hiyo ndiyo niliyompa Mwas, yule wa duka la kanda pale Ruiru, asikilize aniambie kama wimbo una maana. Alinirudishia baada ya siku chache akasema, "Bado kidogo, msichana." Bado kidogo! Kumbe alishainakili na kuijaza sokoni. Sisi tulikuja kujua kwenye harusi ya binamu yangu kule Thika. Wimbo ulipofika ubeti wa pili, ukumbi mzima ulipiga kelele pamoja na sauti yako ya kwenye kanda, "Rete nguo! Mvua!", wakidhani ni kiitikio. Mimi nilitaka kulia kwa hasira. Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. Tangu siku hiyo wanawake wa sokoni wakakuita Mama Rete, na ukawa unaniuliza, "Mimi sasa ni msanii, na wewe ni nani?"

Halafu ile kampuni ya Nairobi ikaniita. Walisema wanataka kuutoa wimbo rasmi, na ile sauti ya kuita nguo lazima iwemo. Ulivaa kitambaa chako kizuri cha kichwa, ukakaa kwenye benchi la studio umejiandaa tayari. Yule bwana wa kampuni akatoka akakuambia, kwa adabu sana, kwamba Kiswahili chako kinahitaji kurekebishwa. Walikuwa wameshamlipa msichana mwenye ulimi laini, akaita "Lete nguo" kama anayesoma taarifa ya habari. Ulimi wako wewe uliikataa hiyo l tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa sababu hiyo. Tukiwa njiani kurudi ulisema, "Hata mvua yangu wameniondorea." Nilicheka wakati ule. Nisamehe.

Kifua kikakuchukua kabla kanda yao haijatoka. Kwa hiyo hukuona jinsi ilivyokaa madukani ikichakaa, na stika yake inayong'aa ya kuonyesha kwamba ni halali. Watu waliigeuza, wakaisikiliza, wakairudisha. "Hii si ile. Sisi tunataka ya Rete." Kampuni ikapandwa na hasira, ikampeleka Mwas kortini, nami nikaitwa shahidi. Nilienda mbio. Nilibeba ile kanda yetu ya jikoni mkobani, na moyoni nilibeba maneno ya kumwambia yule mwizi.

Mwas alikuja na suti. Akaapa kwa Biblia kwamba kanda zake zilitoka kampuni yenyewe, aliuziwa na ajenti wao, yeye hajui kunakili hata barua. Hakimu akasema basi zichezwe. Ya kampuni ikacheza: "Lete nguo!" Ya Mwas ikacheza: "Rete nguo!" Kisha yangu: "Rete nguo!", na yule jogoo wetu nyuma akiwika vile vile kama kwenye ya Mwas. Korti nzima iliangua kicheko, hata askari. Mimi sikucheka. Sikuwa nimethubutu kuisikiliza tangu tukuzike. Mwas aliinamisha kichwa, akajua yamekwisha. Ulimfunga wewe, Mami, kwa herufi moja, tena ukiwa kaburini.

Nilijua nitarudi nawe nyumbani. Lakini wakili wa kampuni, huyo huyo aliyenipa mkono na kuniita shahidi bora, alisimama akaomba kanda zote za wimbo huo zisizo na stika ziharibiwe. Zote. Nikasimama nikasema hiyo moja ni yangu, mama yangu yumo ndani. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto: nilitia sahihi mkataba, wimbo ni wa kampuni popote ulipo. "Na bila stika, madam, hiyo nayo ni feki." Hakimu akakubali.

Feki! Wimbo nimeutunga mimi. Gita langu, jikoni kwetu, jogoo wetu, mvua yetu ya Theta. Kanda iliyozaa nyingine zote inaitwa feki kwa kukosa kikaratasi cha kubandika! Wao ndio walioajiri mtu akuige, halafu wewe ndiye bandia? Nilipiga kelele mpaka nikatolewa nje. Sijutii, ila nilisahau kiatu kimoja.

Leo nilienda kutazama zikichomwa. Sijui nilitaka kuona nini. Plastiki ilikunjamana, ikanuka, ikaisha.

Wakati wa kurudi nilipitia Mwiki, na kando ya barabara mwanamume mmoja alikuwa ametandaza kanda juu ya gunia. Yetu ilikuwepo. "Chukua hii, sister, hii ndiyo original." Haina stika, jina langu limekosewa. Mami, mimi niliyesema mbele ya hakimu kwamba anayenunua feki ni mwizi mwenzake, nilinunua mbili. Mwas sijamsamehe, na usiniombe nimsamehe. Lakini kama asingeiba, leo ningekuwa sina hata neno lako moja.

Nimefika nyumbani nikaweka moja kwenye redio, pale pale juu ya gunia. Jua lilikuwa linawaka. Ubeti wa pili ukafika, wewe ukaita, na kabla sijafikiri nilikuwa nje kwenye kamba naanua nguo zote, zilizokauka na zilizo mbichi. Jirani alinitazama tu.

Pumzika sasa. Wakiniita tena studio nitaimba rete, na wakitaka wanishtaki, nitasimama hapo hapo niseme rete. Hilo nakuahidi.

Nguo ziko ndani, Mami. Zote.

Mwanao asiyesikia akiitwa,
Nyambura