Usukani Alioukaza Haddu

Jumanne, 9 Aprili 1996
Nimeanguka! Kwenye kona ya changarawe, kabla ya kijiji cha juu. Nasukuma usukani kushoto — umenasa. Nikaulazimisha, ukaruka wote kwa mpigo. Goti limechanika. Sanduku la chanjo limepasuka, barafu yote njiani. Watoto ishirini na watatu walikuwa wananingoja!

Pikipiki ya marehemu baba ni ya mwaka sabini na nne na haijawahi kunitupa. Juzi tu ilikuwa inagonga mbele nikishika breki, nikampelekea shemeji Haddu, fundi. Nyundo, patasi, dakika tano. "Tayari, shemeji." Nikamwambia usukani sasa ni mzito. Mzito ndio imara, akasema.

Ijumaa, 12 Aprili
Kuskusi kwa mama mkwe. Haddu mbele ya wote: "Pikipiki haina kosa. Mikono ya kubeba watoto siyo ya kushika usukani, Itto!" Wakacheka. Na Bassu, mume wangu, anachambua nyama kwenye mfupa, hata kichwa hakuinua. Nikaondoka na njaa yangu.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimeifungua mwenyewe, na kitabu cha pikipiki cha baba chini ya mguu upepo usikichukue. Mawe chini ya injini, gurudumu la mbele juu. Nati ya usukani imejaa makovu ya patasi. Nikatoa foki, miguu inayoshika gurudumu la mbele — gololi zikamwagika uani kama mbaazi. Kitabu kinasema juu kumi na nane, chini kumi na tisa. Za chini nimepata kumi na saba! Nimetambaa uani kwa goti bovu, nimefagia, hakuna zaidi. Na kavu! Grisi hata ya kupaka ukucha hamna. Vikombe vyake vya chuma, gololi zinamozungukia, vina vishimo, kila gololi imejichimbia kaburi. Ndiyo maana ulinasa. Kukaza tu ni kuzidisha ubovu.

Bassu akaja. Akauliza, je, nitaweza kuirudisha? Sijui, nikamwambia. Akashika foki bila kuombwa. Sikumshukuru.

Jumatatu, 15 Aprili
Meknes kwa basi. Muuza vipuri ananiambia fundi wangu aje mwenyewe, asije akanipa vikombe visivyofaa. "Fundi ni mimi." Akanitazama mikono, kisha akaleta.

Jumanne, 16 Aprili
Alfajiri nimemaliza. Grisi tele. Nikakaza mpaka ukagoma, nikalegeza kidogo kidogo. Navuta foki mbele na nyuma — haichezi. Nagusa usukani kwa kidole, unaanguka wenyewe mpaka mwisho, kulia, kushoto. Bassu akaujaribu mara tatu. Akasema, "Lo."

Kijiji cha juu nimefika salama. Watoto ishirini na wawili. Wa ishirini na tatu ni wa Tuda, mama mmoja wa huko. Yuko ndani, gizani, macho mekundu, vipele mpaka shingoni. Surua. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Jumanne iliyopita. Labda chanjo ingekuwa imeshachelewa hata siku ile. Labda! Tuda hakunilaumu, alinipa siagi ya kuchukua nyumbani. Afadhali angenipiga.

Jumatano, 17 Aprili
Nimekwenda kwenye karakana ya Haddu. Wateja watano, chai inazunguka. Nikaweka vikombe vya zamani mezani, mbele ya sinia. "Tia kidole humo."
"Ah, shemeji, tangu lini umekuwa fundi?"
"Tangu uliponiangusha. Gololi mbili ziko wapi?"
Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Mzee Ughris, anayepeleka mkate vijijini, akachukua kikombe, akakizungusha kwenye ukucha wake. Akatoka nje. Akainua gurudumu la mbele la pikipiki yake. Tunamwona kupitia mlangoni akigeuza usukani: kulia unakwenda. Kushoto unakwenda. Katikati — tak, unanasa. Akarudia. Tak.
"Haddu. Yangu uliikaza lini?"

Bassu amefika, amesimama mlangoni. Haddu anamwambia, "Mpeleke mkeo nyumbani." Bassu hajasogea. Mimi nimekaa kwenye tairi, naandika haya magotini. Mzee Ughris ameingia tena, ameokota spana, anamnyooshea Haddu.
"Fungua. Hapa hapa. Tuone."