Kidogo cha Mama

Seoul, 6 Machi 2005

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Bagara, za mahindi, na za kifua chako? Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu.

Nimeanza Kikorea. Wiki hii tunafundishwa maneno ya kupimia: jogeum ni kidogo, aju ni sana, neomu ni kupita kiasi. Tulipima chai, tukapima baridi. Tulipofika kwenye maumivu nikakumbuka unavyokohoa. Uliponisindikiza stendi ya basi ulisema ni kidogo. Kidogo gani, mama?

Mwanao,
Evelyne

Bagara, Babati, 3 Aprili 2005

Mwanangu Evelyne,

Marahaba. Sisi huku wazima kabisa, hofu ni kwako uliye mbali. Mahindi yamefika kiunoni. Tangu Babati ifanywe makao makuu ya mkoa, kila wiki kuna nyumba mpya hapa jirani.

Kifua kinauma kidogo tu. Mama Paskasi wa nyumba ya pili ndiye anayenichotea maji siku hizi, na Jumapili ananiletea habari za kanisani. Nilimsomea maneno yako, tukacheka. Soma, mwanangu.

Mama yako

Seoul, 29 Aprili 2005

Mama,

Shikamoo. Naogopa. Maji unachotewa, kanisani huendi, halafu unaniambia kidogo?

Baba naye alisema kidogo. Alisema Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Kwetu mgonjwa akiulizwa hali hujibu nzuri, akibanwa husema kidogo, basi, asisumbue watu. Nami nimelelewa hivyo. Juzi jino liliniuma mpaka nikalia, lakini daktari aliponiuliza nikasema jogeum. Akanipa vidonge, nikarudi na shavu limevimba. Mara ya pili nikasema neomu. Sikuona haya, kwa sababu neno lenyewe si la nyumbani.

Kwa hiyo usinijibu kwa Kiswahili. Chagua moja katika yale matatu, uandike hilo tu. Nitakaa nikisubiri na roho mkononi.

Mwanao,
Evelyne

Babati, 27 Mei 2005

Evelyne,

Neomu.

Neomu tangu Krismasi. Nililiandika nikakaa nalo siku mbili bila kulituma. Mama Paskasi alilikuta mezani akaniuliza maana yake. Nilipomwambia hakucheka. Alimwita mwanawe na pikipiki, wakanileta hospitali.

Daktari aliniuliza naumwaje. Nikajibu nzuri. Mama Paskasi akanikazia macho, nikasema neomu. Daktari hakulijua neno hilo. Basi ikabidi niseme kwa Kiswahili kwamba nakohoa damu na usiku nalala nimekaa. Sijawahi kumwambia mtu maneno ya namna hiyo, hata marehemu baba yako hakuwahi kuyasikia kwangu.

Wamenilaza. Kesho wananitoa maji kwenye pafu. Hawajaniambia zaidi.

Naogopa, mwanangu, na wala si kidogo.

Mama yako