Kioo cha Bi Zuhura

Jumatano, mwezi wa Rajab, 1954

Nnasema tena, mjini hapa hakuna aliyepiga picha za vioo, zile za kunaswa juu ya kioo kilichopakwa dawa, kama mimi. Hawa wa filamu wanabonyeza tu. Mimi nikimwambia bwana harusi asipumue, hapumui.

Leo nimetoka msikitini nikakuta dirisha letu bovu limetiwa kioo. Mkaza mwanangu, Mwanaidi, kafurahi kweli.

"Baba, nimekipata sandukuni mwako. Kilikuwa cheusi kama kimepigwa moshi, nikakisugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka kikatakata."

Weusi ule ulikuwa marehemu mke wangu, Bi Zuhura. Picha ikiwa bado kiooni uso huwa mweusi na nywele nyeupe, huyu mtoto angejuaje? Na picha yake ilikuwa hiyo moja. Sikuichapa kwenye karatasi hata siku moja, asije mwanamume mwingine akamtazama.

Nilitaka kugomba. Nikasema, "Ahsante, mwanangu."

Tangu alasiri nimekaa hapa dirishani, wameniita kula nimekataa. Nnatazama kioo. Naona ukuta wa jirani na nguo zake zilizoanikwa.